Kuhama Mjini na Kubaki Kijijini: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Maisha Mepesi Lindi au Mtwara

Huu ni mwaka wangu wa saba huku. Mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tuliacha kazi na nyumba ya kupanga Dar es Salaam, tukahamia kijiji kimoja cha Mtama, mkoani Lindi. Kila mwaka naandikiwa na watu wanaotaka kufanya hivyo hivyo, na wengi wao wanashindwa kwa njia ileile moja.

Wanafika Oktoba. Fedha za korosho zinatembea, barabara ni kavu, usiku kuna ngoma, na kila nyumba inakukaribisha chakula. Wanasema maisha ndiyo haya. Wanarudi mjini, wanaaga kazini, wanahamia. Januari inawakuta hawana shamba wala maji, na mfuko umeshatoboka. Kufika Machi godoro liko juu ya basi, safari ya Dar.

Mwongozo huu ni wa kukuvusha hapo. Usiruke hatua hata kama unajiona jasiri.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akiba ya kuishi miezi 18, bila kuhesabu mavuno yoyote. Miezi 18 kwa sababu ukihama katikati ya mwaka utavuka msimu wa njaa kabla ya mavuno yako ya kwanza, na mavuno ya mwaka wa kwanza ya mtu mgeni huwa haba.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka, kitambulisho cha taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Simtank la lita 5,000, gata za paa, na madumu sita ya lita 20.
- Baiskeli imara yenye kitako cha nyuma cha chuma.
- Majembe mawili, panga, shoka, mundu, na tupa ya kunolea. Jembe butu humchosha mtu mapema kuliko jua.
- Sola ya kuwasha taa tatu na kuchaji simu.
- Chandarua chenye dawa kwa kila kitanda.
- Kaunta buku moja. Humo utaandika kila shilingi na kila siku ya mvua.

Makochi, friji na kabati la vioo uviuze hukohuko. Nauli ya mzigo ni kubwa, na nyumba yako ya kwanza haitakuwa na pa kuviweka.

## Hatua ya 1: Lipa madeni yote

Sijasema uyapunguze. Yalipe yaishe.

Deni la mjini limepangwa kwa mshahara wa kila mwezi, na kijijini fedha huja mara mbili au tatu kwa mwaka. Mkopo wa kwenye simu unaozaa riba kila wiki utakufuata hadi chini ya mkorosho, nawe utauza chakula cha watoto kuulipa. Wapo waliokuja huku wakikimbia madeni na wakayaita makimbilio yale uhuru. Hawakukaa.

Umefaulu pale simu ikiita asubuhi huogopi kutazama nani anapiga.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kwa maji

Watu huchagua kwa macho: bahari ya Msimbati, minazi ya Mikindani, ukimya wa Kilwa Kivinje. Mimi nakwambia uulize maji kwanza, mengine baadaye.

Pwani (Kilwa, Mchinga, Sudi, Mikindani, Msimbati): samaki wapo na upepo upo, lakini visima vingi karibu na ufuko vina chumvi. Onja maji ya kisima mwezi wa Oktoba, yanapokuwa chini kabisa. Bati la kawaida hutafunwa na hewa ya bahari, ndiyo maana makuti hayajaisha kazi. Na usidhani samaki ni wa kila siku: kusi inapovuma, kuanzia kama Mei hadi Septemba, mitumbwi midogo hulala siku nyingi.

Uwanda wa Makonde (Newala, Tandahimba): mikorosho mizuri na baridi ya jioni inayopendeza, ila maji yako mbali chini mabondeni. Familia nyingi hutegemea mvua ya paa au maji ya kununua. Ukienda huko bila tangi unajitafutia adhabu.

Bara (Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Masasi): ardhi ni pana zaidi, ufuta na mbaazi hustawi. Uliza kuhusu tembo, nguruwe pori na ngedere kabla hujauliza bei ya shamba. Hasa upande wa Liwale, tembo anaweza kumaliza mihogo ya mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Unapotembelea kijiji, usimuulize mwenyeji wako kama maji yapo. Atakujibu yapo, kwa heshima. Amka saa kumi na moja alfajiri, ufuatane na kina mama kisimani, uhesabu dakika za kwenda, kupanga foleni na kurudi. Sisi tulipofanya hivyo tulifuta vijiji viwili kwenye orodha yetu, na kimoja kati ya hivyo ndicho mume wangu alichokuwa amekipenda kuliko vyote.

Umefaulu ukiwa na jina la kijiji kimoja, na kando yake umeandika: maji ya kunywa yanatoka wapi Oktoba, yako umbali gani, na nani anayasimamia.

## Hatua ya 3: Njoo Januari, ukae wiki sita

Kama utachukua kitu kimoja tu katika maandishi haya, chukua hiki.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo Januari hadi Machi ni kipindi ambacho akiba ya chakula imepungua, mazao mapya bado, palizi imepamba moto, njia ni tope na mbu wamejaa. Fedha za korosho zimekwisha kwenda kwenye ada, mabati na harusi. Huo ndio uso halisi wa kijiji. Ukiupenda huo, Oktoba itakuwa zawadi.

Omba likizo yako yote ya mwaka, na ikipungua wiki sita omba nyongeza, panga chumba, usikae gesti mjini. Kisha fanya hivi:

1. Kula wanachokula. Ugali wa muhogo, kisamvu, ng'onda (samaki wakavu) siku ikiwa nzuri, na siku nyingine muhogo wa kuchemsha na chumvi. Usijaze masanduku ya tambi na mafuta kutoka Dar.
2. Palilia. Mwombe mwenyeji akupe kipande, uwe shambani saa kumi na mbili asubuhi, utoke saa tano. Fanya hivyo siku tano kwa wiki. Wiki ya kwanza mikono itapasuka. Wiki ya tatu utajua kama mwili wako umekubali.
3. Andika matumizi yote kwenye kaunta buku. Jumla ya wiki sita, igawe kwa sita, uzidishe kwa 78. Hizo ndizo wiki za miezi 18, na hiyo ndiyo akiba yako, kwa hesabu yako mwenyewe.
4. Kaa jioni bila simu. Giza la kijijini linaanza saa moja, na kuna watu linawalemea vibaya. Kama wewe ni mmoja wao, ni heri ulijue ungali na kazi.

Tahadhari: katika miezi hii watu watakuja kukuuzia. Mikorosho kwa bei ya kutupa, shamba, hata mavuno ambayo bado yako kwenye ua. Anayeuza Februari anauza njaa. Ukinunua utapata mali, na utakuwa umemnyonya jirani ambaye utaishi naye miaka thelathini. Mimi nasema usinunue chochote katika safari hii.

Umefaulu ikiwa wiki ya sita unataka kurudi tena, na mwenzako wa ndoa anataka pia. Mmoja akikataa, safari imekataliwa. Msilazimishane.

## Hatua ya 4: Jitambulishe kwa utaratibu

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mwenyekiti wa kijiji, kisha mtendaji. Peleka barua yako. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, habari za mvua, ndipo shida yako. Ukianza na shida utasikilizwa, lakini hutaaminiwa.

Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka mingi, aliisoma barua yote taratibu, akaikunja, akaniuliza: "Mama, umekuja kupumzika au umekuja kukaa?" Nilimjibu nimekuja kukaa. Akasema, "Basi kesho kuna msiba kwa Wamwera wa ng'ambo ya mto, uende na kanga na kuni." Nilikwenda. Sikumjua marehemu wala yeyote pale, nikapewa sinia nioshe mchele.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho watu wa mjini tunakikosea. Tunadhani uhuru ni kutodaiwa na mtu. Mjini nilikaa miaka tisa bila kudaiwa kuhudhuria chochote, nikiugua nilijifungia ndani peke yangu. Huku nadaiwa misiba, harusi, unyago, na mchango wa darasa la shule. Na huku ndiko mwanangu alipopandwa na homa usiku wa manane, vijana watatu wakachukua baiskeli bila mimi kuomba.

Ukitaka kukaa peke yako kabisa, kijiji hakikufai. Tafuta chumba mjini.

## Hatua ya 5: Pata ardhi bila kuzaa kesi

Hapa ndipo sisi tulipoumia, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Mwaka wa kwanza tulikubaliana na mzee mmoja mwenye heshima zake, tukalipa, tukaandikishana kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili. Tulipokwisha kupalilia mara ya kwanza akaja kijana, mtoto wa dada yake. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mama yao, na mjomba hakuwa na ruhusa ya kuiuza peke yake. Kijana hakuwa mkorofi, alikuwa na haki. Tulipoteza msimu na sehemu ya fedha, na mzee alifedheheka mbele ya watu wake. Kosa letu lilikuwa kutouliza.

Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika familia nyingi sauti ya mjomba na ya wapwa ina uzito kuliko ya baba. Dini na sheria vimebadilisha mengi, lakini usibahatishe. Fuata mpangilio huu:

1. Kodi kwanza. Msimu wa kwanza chukua ekari moja au mbili za kukodi. Ukikosea umepoteza kodi, shamba si lako.
2. Uliza ardhi ni ya nani kwa upande wa mama. Waite muuzaji, mke au mume wake, mjomba, na wapwa watu wazima, wakae pamoja siku moja. Asiyekuwepo siku hiyo ndiye atakayekuja na kesi.
3. Tembea mipaka na majirani wa pande zote nne. Ekari moja ni kama hatua 70 kwa 70. Hesabu mwenyewe, na hesabu mikorosho iliyomo, maana miti inaweza kuwa ya mtu mwingine kuliko ardhi.
4. Pitia halmashauri ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kukugawia bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Omba jina lako lisomwe mkutanoni na uwepo katika muhtasari.
5. Omba hati ya hakimiliki ya kimila, majina ya mume na mke yote mawili yakiwemo. Dada zangu, hapo msione haya.

Umefaulu ikiwa watu wazima wa ukoo ule wanapita shambani kwako na kukusalimia kwa jina.

## Hatua ya 6: Sasa ndiyo uache kazi

Toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka siku zisizopungua 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Kabla ya kuandika barua, nenda ofisi ya mfuko wako wa hifadhi ya jamii ukaulize, maana anayejiuzulu mwenyewe na anayepunguzwa kazi hawatendewi sawa. Fedha ambayo hujaambiwa tarehe yake usiihesabu kwenye akiba ya miezi 18.

Agana vizuri. Wateja wangu wa kwanza wa asali na makopa (muhogo mkavu) walikuwa watu wa ofisi niliyoiacha.

Hama Juni au Julai. Njia zimekauka, kuna nyasi na muda wa kujenga, na una miezi mitano kabla ya mvua.

## Hatua ya 7: Paa na tangi kabla ya sakafu

Nyumba ya miti na udongo yenye paa zuri itakutosha miaka mitano. Kwangu bati ni la lazima bara na uwandani, kwa sababu bati ndilo kisima.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 1 ikidondoka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 1. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 960, toa sehemu moja ya tano ya upotevu, unabaki na kama lita 770. Mvua saba za namna hiyo zinajaza tangi la lita 5,000.

Familia ya watu wanne ikitumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia tu, kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba inahitaji lita 3,660. Tangi linatosha na kubakiza. Kufua na kuoga tumia maji ya kisima. Asiyetenganisha maji haya atakauka Septemba.

Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, inaosha vumbi na vinyesi vya mijusi. Funika mdomo wa tangi kwa wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Maji ya kunywa chemsha.

Nguzo zichome ncha zinazoingia ardhini kabla ya kuzisimika. Mchwa wa huku hawana subira.

## Hatua ya 8: Panda tumbo kwanza, mfuko baadaye

Wageni wote wanataka korosho. Mkorosho huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, nawe una njaa mwaka huu.

Mihogo. Anza nayo mvua zikishika. Pingili za sentimita 25 hadi 30, nafasi ya mita 1 kwa 1, mashina kama 4,000 kwa ekari. Usichukue mbegu kwa kutazama majani tu. Ugonjwa wa batobato utauona kwenye jani, lakini ule wa michirizi ya kahawia hujificha kwenye kiazi. Mwombe mwenye shamba ang'oe shina moja, ukate kiazi chake: kikiwa cheupe safi, chukua. Kiroba ni aina inayostahimili ugonjwa huo, na wengi wanayo. Pembezoni weka kunde, na mbaazi katikati ya mahindi.

Ufuta. Hii ndiyo fedha yako ya kwanza. Unapandwa kati ya Januari na Februari, unavunwa Mei na Juni. Ukate ufuta mara vitumba vya chini vinapoanza kugeuka njano. Ukisubiri ukauke wote shambani vitapasuka na utavuna mabua. Simamisha mafungu wima juu ya turubai.

Mikorosho. Chukua miche bora, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele nje kidogo ya Mtwara ndicho kinachoongoza kazi hiyo. Nafasi ni mita 12 kwa 12, yaani miti kama 28 kwa ekari. Utaona ni pengo kubwa, utashawishika kubana. Usibane. Matawi yakigusana maua hupungua na ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe) hupata kivuli cha kustawi. Miaka ya mwanzo lima ufuta na kunde katikati. Salfa, dawa ya ubwiri unga, hupulizwa msimu wa maua, asubuhi kabla ya upepo, pua na macho vikiwa vimefunikwa.

Umefaulu mwaka wa kwanza ukiwa na makopa makavu ndani, hata kama huna shilingi.

## Hatua ya 9: Uza kwa njia iliyonyooka

Jiandikishe kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kijiji na kwenye daftari la wakulima mapema, maana bila hivyo pembejeo na mnada wa korosho vitakupita. Fungua akaunti ya benki, malipo hupita huko na huchukua muda baada ya mnada. Panga matumizi kana kwamba yatachelewa.

Ukiwa na akiba watu watakushawishi kufanya kangomba, yaani kununua korosho kwa vibakuli kutoka kwa wenye shida kisha kuziuza mnadani. Ni kinyume cha sheria, na kijiji kitalikumbuka jina lako kwa hilo hadi kwa wajukuu.

## Hatua ya 10: Afya, shule, barabara

Jua hospitali yako kabla ya kuugua: Nyangao na Ndanda kwa walio njia ya Masasi, Sokoine kwa Lindi mjini, Ligula kwa Mtwara. Homa ya mtoto mpime siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Watoto waandikishe wakati wa likizo ya Desemba, na uhudhurie kikao cha kwanza cha wazazi.

Weka ndani dawa, chumvi, sabuni na mafuta ya miezi miwili kila ifikapo Machi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar hadi Lindi maeneo ya Somanga, na bidhaa za mjini zikawa hazifiki.

## Februari ya pili

Usijipime mwaka wa kwanza. Subiri Februari ya pili, katikati ya palizi, ufungue kaunta buku na ujibu matatu. Je, makopa yaliyopo yatafika hadi mahindi mabichi ya Machi? Je, kuna unayemdai au anayekudai zaidi ya kibaba cha chumvi? Na msiba wa mwisho kijijini, ulipangiwa kazi au uliketishwa kwenye kiti cha wageni?

Matatu yakiwa mazuri, jenga sakafu. Mawili yakiwa mabaya, usiuze shamba: likodishe kwa jirani msimu mmoja, rudi mjini ukatafute akiba, na umuage mwenyekiti kabla ya kuondoka, umwambie tarehe ya kurudi.